Kikombe cha Bluu cha Bibi Win

Kila Jumamosi asubuhi, baada ya kuwalisha kuku, Tamsin Pullen huosha vikombe vya bibi yake. Huviosha kimoja kimoja kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, na Bibi Win huvifuta na kuvirudisha kabatini kwa mpangilio uleule wa miaka yote. Kimojawapo ni cha bluu, chenye maua meupe. Kinapendeza kuliko vyote, na ndicho kilichomtia Tamsin matatani mwaka wa sherehe.

Mwaka ule mkoa wetu mzima uliadhimisha miaka mia mbili na hamsini tangu azaliwe Bi Honora Lisle, mwandishi wa riwaya. Huku kwetu hakuna asiyemjua. Aliandika juu ya watu wa vijiji vyetu, akawachora walivyo hasa, hata leo ukikutana na mama mchoyo dukani unakumbuka ni wa riwaya ipi. Vijiji kumi na viwili viliambiwa kila kimoja kiandae kitu cha kumkumbuka, na wageni watembee kwa miguu kutoka kijiji hadi kijiji. Marrowby wana nyumba ya shangazi yake, na kitanda alicholalia kipo. Lodbridge wana kaburi lake. Sisi wa Aldercombe tulikuwa na barabara tu.

Watoto wa vijiji hivi husoma shule moja, na huko ndiko mambo yalikoharibikia.

“Aldercombe, ninyi mtaonyesha nini?” Mwalimu Okell aliuliza darasani.

Jarvis wa Marrowby hakungoja. “Wataonyesha vumbi, Mwalimu. Kwao alipita tu na gari la farasi, tena amesinzia.”

Darasa zima liliangua kicheko. Tamsin alihisi masikio yanawaka moto, na maneno yakamtoka kabla hajayapima.

“Alikunywa chai nyumbani kwetu. Kikombe chake bibi anacho mpaka leo.”

“Acha fiksi zako wewe,” Jarvis akasema.

“Siyo fiksi. Njoo ukione.”

Mwalimu Okell alifurahi kupita kiasi. Jioni ileile aliiandikia kamati ya mkoa. Wiki haikuisha, sanduku la kioo lilikwisha kuagizwa, na kwenye ramani za wageni Aldercombe ikaandikwa: Kikombe cha Bi Lisle. Muuza nyama alimpungia Tamsin mkono kutoka dukani kwake. Mzee wa kengele za kanisa alimwita “binti yetu”. Kwa mara ya kwanza tulikuwa na kitu cha kuwatambia Marrowby, na nakiri kwamba mimi nami nilitamba.

Bibi Win alizipata habari kwenye foleni ya posta. Alirudi nyumbani, akavua koti, akateleka birika.

“Nasikia nina kikombe cha watu mashuhuri,” alisema.

“Ndiyo, Bibi. Yaani, mimi nilisema tu…”

“Sijakuuliza kitu. Bi Stobart wa kamati anakuja Alhamisi kukiona. Nitampikia chai.”

Ukali wa bibi yule ndio huo. Hapigi kelele, anapika chai.

Bi Averil Stobart, mwenyekiti wa kamati, alifika Alhamisi saa kumi kamili. Alikuwa mama mrefu, miwani yake ikining'inia shingoni kwa uzi. Bibi Win aliandaa skonzi, siagi na jamu, kisha akafungua kabati, akatoa kikombe cha bluu na kummiminia mgeni chai humo humo.

“Kizuri hiki,” alisema Bi Stobart. “Na kile chenyewe kiko wapi?”

“Kunywa kwanza,” Bibi Win akamjibu. “Tamsin atakuonyesha.”

Sasa, wanawake wa umri wao huku kwetu wana desturi moja. Mpe kikombe kizuri, naye akimaliza chai atakigeuza asome chapa ya kiwanda iliyo chini, ajue kilifinyangwa wapi na lini. Hawawezi kujizuia, hata kwenye chai ya msibani. Tamsin aliijua desturi hiyo, na alikijua pia kitako cha kikombe kile, kwani alikiosha kila Jumamosi.

Bi Stobart alipiga funda. Akasifu jamu. Akapiga funda jingine. Tamsin alikodolea macho chai inavyopungua. Uongo ungefichuka, watu wangesema ni bibi yake ndiye aliyebuni hadithi, mtoto wa miaka kumi na miwili angeitoa wapi? Na Bibi Win alikuwa ameaminiwa funguo za kanisa kwa miaka thelathini. Bibi mwenyewe alikuwa anapaka siagi kwenye skonzi, hamtazami.

Yalibaki mafunda mawili.

“Usikigeuze, Bi Stobart,” Tamsin alisema. “Nilidanganya. Kikombe chenyewe ndicho hicho, na Bi Lisle hakuwahi kukigusa. Bibi hakujua lolote. Niliona haya kwa sababu kijiji chetu hakina kitu.”

Bi Stobart alimaliza chai yake taratibu, akavaa miwani, na bado akakigeuza kikombe. “Kinafaa kuoshwa kwa mashine,” alisoma. “Kumbe Bi Lisle alikuwa mbele ya wakati wake.”

Bibi Win alikohoa ndani ya leso, lakini mzaha wa mgeni uliishia hapo.

“Ramani elfu tatu zimeshachapwa, binti. Nifanye nini? Nilifute jina la kijiji chenu?”

“Labda kuna kitu cha kweli,” Tamsin alisema.

“Basi kitafute. Una wiki tatu. Na shuleni utasema mwenyewe.”

Alisema mwenyewe, hata maneno ya kitako cha kikombe, amesimama mbele ya darasa. Jarvis alimbatiza jina la Mashine palepale, na likamganda. Muuza nyama akaacha kumpungia mkono.

Mwalimu Okell, ambaye naye alijilaumu kwa kukimbilia kuandika barua, alimpeleka kwenye nyumba ya kumbukumbu za mkoa. Huko huruhusiwi wino, ila penseli tu, na vitabu vikongwe hulazwa juu ya mito kama wagonjwa. Walipekua madaftari ya kanisa letu: waliobatizwa, waliozikwa, waliooana. Jumamosi ya kwanza hawakupata kitu. Mwandiko ulikuwa wa kuumiza macho. Jumamosi ya pili Mwalimu alisinzia, Tamsin akaendelea peke yake, mstari kwa mstari, kidole hakigusi karatasi.

Saa kumi kasorobo alimgusa mwalimu bega.

Ilikuwa ndoa ya mwezi wa Januari. Bwana harusi alikuwa Amos Tuck, mchunga kondoo. Bibi harusi alikuwa Keziah Budd, mfuaji nguo, ambaye hakujua kuandika, akatia alama ya msalaba. Chini yake, mahali pa shahidi, palikuwa na jina lililoandikwa kwa mkono mwepesi: Honora Lisle.

Mtunza kumbukumbu alilinganisha na barua za mwandishi, akatikisa kichwa kukubali. Ni yeye.

“Alikuwa na miaka ishirini na miwili,” Mwalimu Okell alisema polepole. “Hajachapisha hata ukurasa. Kutoka kwa shangazi yake mpaka Aldercombe ni maili tatu, na Januari bonde lote ni tope, gari la farasi halipiti. Alikuja kumsimamia mfuaji nguo.”

Machozi yalimlengalenga Tamsin, na hakujali nani anamwona. Siku zote alimpenda Bi Lisle kwa vitabu vyake. Siku ile alimpenda kwa miguu yake.

Picha kubwa ya ukurasa ule iliwekwa kanisani, ndani ya sanduku la kioo lililokuwa la kikombe. Tamsin alibandika kikaratasi cha masahihisho kwenye kila ramani, na kwenye elfu ya pili Jarvis alikuja kumsaidia bila kuombwa. Wageni walipofika, Tamsin alisimama pale na kofia ya utepe, akawaeleza. Wengi waliusogelea ule msalaba wa Keziah wakautazama kwa karibu.

“Haya, Mashine,” Jarvis alimwambia jioni. “Kwetu alilala tu. Kwenu alisimama.”

Nyumbani Bibi Win aliteleka birika, akamiminia mjukuu wake chai katika kikombe cha bluu.

“Alhamisi ile nilikuwa nakungoja, mjukuu wangu,” alisema. “Ningeweza kusema mimi, lakini uongo ulikuwa wako, na ukweli ulitakiwa uwe wako pia. Njia ya mwongo ni fupi. Kijiji kisicho na kitu hakiaibishi mtu, kinachoaibisha ni kitu cha kubuni. Sasa unacho cha kweli, na umekitafuta kwa jasho lako.”

Tamsin alikunywa mpaka tone la mwisho. Kisha akakigeuza kikombe, akasoma kitako chake, na wote wawili wakacheka.