Barua Isiyo na Dole Gumba

Eliana alikuwa uani kwake Mwankoko, anapiga alizeti kwa fimbo. Mwanawe, Laurian, alikuwa anapepeta huku akipiga soga. Kwa soga alikuwa hodari. Kwa kupepeta, hata kuku walimshangaa.

Mwenyekiti wa mtaa akapita, akawapa barua. Laurian akaisoma kwa sauti.

"Mke wangu Eliana. Ni mimi Naftali. Huku gerezani nimejifunza kusoma na kuandika. Nimejifunza na useremala. Natoka mwezi wa nane. Kama mtanipokea, nijibuni. Mkikaa kimya nitajua hamnitaki. Nitaenda Shelui kutafuta kazi."

"Soma tena," Eliana alisema.

Laurian akasoma tena. Akasoma mara ya tatu.

"Baba yako anaandika na nini?"

"Na kalamu, mama."

"Usinichekeshe! Mume wangu hajui hata herufi A. Sahihi yake ni dole gumba. Karatasi ya shamba, dole gumba. Cheti cha ndoa, dole gumba. Hapa dole liko wapi?"

Laurian akageuza karatasi. Dole halikuwepo.

"Labda ni tapeli," alisema.

"Tapeli gani? Hajaomba hata kuku!"

"Basi sijui, mama."

"Hata mimi sijui. Au amekufa, wanatuficha?"

Wiki mbili barua ilikaa chini ya kopo la chumvi. Leo Eliana analia, kesho anacheka, keshokutwa anataka kuichoma.

Siku moja jirani yao Rebeka alikuja kuazima ungo. Rebeka alikuwa askari magereza, sasa amestaafu.

"Shikamoo, mama," Laurian alimsalimu.

"Marahaba. Mama Laurian, mbona umevimba macho?"

Wakamwonyesha barua. Rebeka akaona mhuri wa gereza, akatabasamu.

"Hii ni ya kweli. Gerezani mtu hakai tu kuhesabu nyufa za ukutani. Alikofungwa mumeo kuna darasa. Anayejua kusoma anamfundisha asiyejua. Wengine wanajifunza ufundi."

"Lakini dada, alimvunja Damiani mkono kwa sababu ng'ombe wake walikula alizeti yetu. Herufi zitamtoa hasira?"

"Herufi peke yake, hapana. Wanapewa pia ushauri. Wanafundishwa kuzungumza kabla ya kurusha fimbo. Lakini akitoka, akakosa nyumba na kazi, ni rahisi kurudia makosa. Mumeo anauliza kama mlango upo. Ninyi mmekaa kimya wiki mbili!"

Eliana akashika kichwa. "Laurian, lete karatasi!"

Laurian akaandika: "Njoo nyumbani. Tunakungoja." Eliana akaitazama karatasi, akachanganyikiwa upya.

"Atajuaje ni mimi? Anajua siandiki."

Laurian akakwangua masizi ya sufuria, akayachanganya na mafuta ya alizeti. Eliana akachovya dole gumba, akaligandamiza chini ya barua. Kovu la mundu likaonekana vizuri katikati.

Mwezi wa nane Naftali akashuka kwenye basi na mfuko wenye randa na msumeno. Mfukoni mwa shati alikuwa na ile barua ya dole gumba.

"Nilipoona mwandiko nikasema, huyu si mke wangu," alieleza. "Nikadhani mmenicheza shere. Nikafika mwisho wa barua, nikaona kovu. Nikakaa chini, nikalia."

Kazi yake ya kwanza haikuwa ya kuuza. Alimtengenezea Damiani lango la zizi, akalipeleka mwenyewe, akaomba msamaha. Damiani alilitikisa lango, likakaa imara. Akamkaribisha uji. Siku hizi hata watu wa kata ya jirani, Unyambwa, wanamfuata Naftali kwa milango na madawati.

Jioni moja Naftali alitoa penseli sikioni, akampa mkewe kipande cha ubao.

"Andika jina lako."

Eliana akauma mdomo. Herufi ya kwanza ikatoka na meno matano.

"Mama, hiyo ni E au chanuo?" Laurian aliuliza.

"Nyamaza," Naftali alisema. "E yangu ya kwanza ilikuwa na meno sita."