Mshale wa Masele

Zama zile pembe za ndovu zilipokuwa zikisafiri mabegani mwa watu kutoka Unyamwezi hadi pwani, msafara ulikuwa na wakubwa wawili. Mtongi ndiye mwenye mali. Kirongozi alitangulia mbele, joho jekundu mwilini na ngozi ya mbega kichwani, na hakuna aliyeruhusiwa kumpita njiani. Aliyempita alichomoa mshale podoni mwake akamkabidhi mbele ya wote, kukiri kosa. Fahali wawili hawakai zizi moja, wasema wahenga, lakini hawa walikaa, maadamu kila mmoja alijua mpaka wake.

Masele alikuwa mtongi mpya; mjomba wake alikufa kwa ndui safarini. Alirithi pembe, bunduki na wapagazi, akadhani amerithi na utiifu wao. Maskini, ujana.

Mchana huo vibuyu vilikuwa vikavu na mto u karibu. Kasanda, kirongozi mzee, akatua mzigo akasema ndege wa mtoni wamenyamaza mno, heri wangoje. Wapagazi nao wakatua. Masele akaamrisha waondoke, wakamtazama Kasanda. Akaamrisha tena, bunduki mkononi na podo la mishale begani, na hakuna aliyetikisika. Hasira zikampanda, na aibu kuliko hasira, akampita mzee akashika njia peke yake.

Karibu na kivuko moyo ukamlipuka. Ndani ya matete aliona mtutu wa bunduki, kisha mwingine. Ruga-ruga, wale wapiganaji wanyang'anyi, walikuwa wakiungoja msafara uingie majini. Akageuka taratibu, kama mtu aliyesahau kitu, na hapo akamwona Kasanda anakuja na msafara mzima nyuma yake. Kirongozi hakubali kupitwa, na wapagazi hawamwachi kirongozi wao.

Akipiga kelele, watamiminiwa risasi mizigo ikiwa mabegani. Akiwaamuru kwa ishara, nani atamjali? Masele akawaendea, akapiga magoti vumbini, akachomoa mshale podoni mwake na kuuinua kwa mikono miwili. Kasanda akasimama, msafara ukasimama.

"Nimekupita, mzee," akanong'ona. "Matete yana watu."

Kasanda akaupokea mshale bila kuyatazama matete. "Inuka, mwanangu. Njia ya mlimani naijua, ila haina maji. Kwa mizigo hii hatufiki hai. Mali ni yako, basi sema wewe."

Masele akazitazama pembe, jasho la maisha yote ya mjomba wake.

"Ziacheni," akasema kwa sauti ndogo.

Neno likapita kinywa hadi kinywa. Wapagazi wakazilaza pembe chini bila kishindo, wakaingia porini nyuma ya Kasanda. Tangu alfajiri Masele alikuwa akiamrisha kwa kufoka, na hii ndiyo amri yake ya kwanza kutiiwa.