Redio Iliyogoma Asubuhi

Kila asubuhi, binti alifungua geti huku mama yake akiwasha gari. Redio ya gari ilitamka kwa sauti yake ya mashine kwamba simu imeunganishwa, kisha mama akaweka mkoba kiti cha nyuma, simu ikiwa ndani yake, na kuondoka.

Mama alikuwa dereva wa kituo cha kusafisha damu. Aliwachukua majumbani wagonjwa wa figo na kuwafikisha kwenye mashine kwa zamu. Sheria ya kituo ilikuwa moja: gari likitembea, dereva hashiki simu. Ofisi ikipiga, simu inaita kwenye spika za gari kwa njia ya Bluetooth, na dereva anajibu huku mikono yake ikiwa kwenye usukani.

Jumatatu moja redio haikusema kitu. Mama alikuwa amechelewa, hakutilia maanani. Njiani ofisi ilipiga kumwambia amchukue kwanza mzee mmoja aliyeamka hoi, anapumua kwa shida. Simu ilitetemeka ndani ya mkoba bila kusikika. Mama alifuata mpango wa kawaida. Alipofika kwa yule mzee, zamu ya dharura aliyotengewa ilikuwa imepita, na kituoni mgonjwa mwingine tayari amewekwa kwenye mashine hiyo.

"Nimekusubiri mlangoni, mwanangu," mzee alisema.

Mchana mama alipeleka gari kwa fundi wa redio. Alimpitia binti shuleni, wakaenda wote. Fundi alizima na kuwasha gari mara kadhaa. Kila mara simu ilikubali.

"Dada, gari lako zima kuliko mimi," fundi alisema. "Mimi goti linauma."

"Asubuhi lilikataa. Nilipofika kwa mzee mmoja mgonjwa, nikazima na kuwasha, likakubali lenyewe."

Fundi akaacha mzaha. "Yaani linakataa nyumbani tu? Sikiliza. Redio hii ikiwashwa hushika simu moja, ile inayoikuta kwanza kati ya inazozikumbuka, na hutangaza tu ile iliyosajiliwa mwisho. Nyumbani kuna simu nyingine uliyowahi kuiunganisha?"

"Ya zamani tu. Hiyo niliistaafisha. Iko kabatini, haina hata chaji."

"Una hakika?"

"Sana."

Binti alikuwa kiti cha nyuma. Simu ya zamani haikuwa kabatini. Aliichukua Jumapili ili acheze michezo, ingawa mama alikuwa amepiga marufuku simu mpaka mitihani iishe. Aliitia chaji na kuificha chini ya mto. Dirisha la chumba chake lilitazama mahali gari linapolala, hatua chache tu. Alielewa maneno ya fundi yote. Alitazama nje ya kioo, akanyamaza.

Fundi akaiondoa simu mpya ya mama kwenye redio, akaiunganisha upya, akawaruhusu waende. Kesho yake asubuhi redio ikagoma tena. Hata ilipokubali njiani mama hakuiamini tena, akawa anasimama kando ya barabara kila baada ya muda atazame simu, na wagonjwa wote wakachelewa, yule mzee aliyepangiwa zamu nyingine akiwemo. Saa sita msimamizi wa magari wa kituo akachukua ufunguo wake.

Jioni mama aliketi jikoni bila kuvua viatu. Sufuria ilikuwa mezani tupu.

"Yule mzee amelazwa hospitali," alisema. "Maji yamejaa kwenye mapafu. Wamemwekea oksijeni."

"Atapona?" binti aliuliza.

"Sijui. Na kazi nayo sijui. Nimefanya kila nilichoambiwa nifanye." Alifunika uso kwa viganja, akakaa hivyo mpaka chumba kikawa giza. Hakuna aliyewasha taa.

Binti aliizima simu ya zamani usiku huo. Alijiambia kwamba yamekwisha: gari litakubali, mama atafurahi, hakuna atakayeuliza. Ukweli ni kwamba hesabu yake ilikuwa sahihi nusu. Asubuhi msimamizi alileta gari mlangoni ili ajionee mwenyewe. Mama akaliwasha, redio ikaitambua simu yake mara moja.

"Limepona," mama alisema, na sauti yake ikainuka kidogo.

"Limepona kwa dawa gani?" msimamizi aliuliza.

"Sijui. Limekubali tu."

"Basi nalirudisha ofisini. Dada, mimi sikuonei. Jana lilikataa, leo limekubali, na wewe hujui kwa nini. Kesho likikataa, nitaiambia nini familia ya mgonjwa? Niletee chanzo. Bila hivyo, ruti yako nampa dereva mwingine Ijumaa."

Mama alisimama getini kama mtu aliyesahau alikokuwa akienda. Binti aliona kwamba kimya chake mwenyewe hakikuwa kimeokoa chochote. Aliingia chumbani, akarudi na simu ya zamani.

"Chanzo ni hiki, mama. Nilikuwa nayo mimi. Niliitia chaji Jumapili. Kwa fundi nilisikia, nikaogopa kusema."

Mama aliichukua simu mkononi mwa mwanawe. Hakumpiga, hakumfokea. "Twende ukamwambie msimamizi wewe mwenyewe," alisema.

Ofisini, fundi aliitwa. Aliwasha simu ya zamani karibu na gari. Redio ikaishika na kuiacha ya mama. Akaizima, akawasha gari tena. Redio ikaishika ya mama. Kisha akaifuta simu ya zamani kwenye kumbukumbu ya redio, akajaribu tena zote mbili zikiwa zimewashwa. Haikukosea tena. Msimamizi alirudisha ufunguo, lakini jina la yule mzee hakulirudisha kwenye orodha ya wagonjwa wa mama. Familia yake ilikuwa imeomba dereva mwingine.

Njiani binti alikuwa akilia kimyakimya. Mama aliegesha gari kando, akazima injini kabla ya kusema.

"Kuchukua simu ni utovu wa adabu, na adhabu yake utaipata. Ila hilo pekee silo lililomlaza mzee wodini. Siku ile ya kwanza hukujua, na mimi pia sikujua. Lakini fundi alipouliza, wewe ulikuwa na jibu. Fundi hatafuti mtu wa kumlaumu, anatafuta chanzo. Ukimficha jambo moja, kila anachofanya baada ya hapo ni kubahatisha, na anayeumia ni mtu ambaye hata hakujui."

"Nikimwomba msamaha atanisamehe?"

"Kwanza apate pumzi ya kukujibu," mama alisema.

Wakageuza gari kuelekea hospitali.