Zamu ya Tetrasaiklini

Mihayo alifariki, na mashine haikukosea hata kidogo. Asubuhi alipolazwa ililipokea kohozi lake, ikaligawa katika vishimo vidogo vya kioo, kila kishimo na dawa yake, na kabla chai ya wauguzi haijapoa ilikuwa imeshajua ni bakteria gani aliyemlaza na ni dawa gani bakteria huyo haziogopi. Zamani kazi hiyo ilichukua siku kadhaa. Watu wa Tabora waliiita mashine hiyo Msomaji.

Aliyelipakia kohozi lile ni Kalunde, mke wa Mihayo, fundi sanifu wa maabara ya hospitali. Hakuna mwingine aliyekuwa zamu.

Msomaji alizipanga dawa kwa koo zao. Ukoo wa penisilini, pamoja na ndugu zake sefalosporini, huvunja ukuta wa bakteria mpaka anapasuka. Makrolaidi na tetrasaiklini hukiziba kiwanda chake cha protini, akashindwa kujijenga. Kwinoloni hukata uzi wa urithi pale anapotaka kuzaliana. Aminoglikosaidi, ambazo jentamaisini ni mojawapo, humfanya atengeneze protini mbovu zinazomdhuru mwenyewe, ila dawa hizo huweza kuumiza figo na masikio ya mgonjwa.

Asubuhi ile vishimo viliwaka vyekundu, kimoja baada ya kingine. Nyekundu maana yake bakteria yu hai. Jentamaisini peke yake ilitoa kijani, tena hafifu. Kishimo kimoja hakikuwaka rangi yoyote kwa sababu kilikuwa na kifuniko cha kijivu. Hicho kilikuwa cha tetrasaiklini, na tetrasaiklini ilikuwa mapumzikoni.

Mji ulikuwa umeanzisha utaratibu wa Zamu baada ya dawa nyingi kuchakaa. Ukoo mmoja ulifungiwa kwa miaka, usipewe mgonjwa yeyote. Kwa bakteria, usugu ni mzigo wa kubeba; asipokutana na dawa, mzigo haumsaidii, na wale wasio nao humzidi mbio. Dawa ikirudi inawakuta wamesahau. Ili daktari asishawishike, Msomaji hakuruhusiwa hata kuijaribu dawa iliyopumzika.

Kwa hiyo Mihayo alichomwa jentamaisini. Figo zake zikagoma, na baada ya siku chache akafariki.

Baada ya matanga Kalunde alirudi kazini, lakini hakuweza kutulia. Alikuwa anaanza kuosha kikombe, anakiacha na sabuni yake, anakwenda kusimama mlangoni bila kujua anamngoja nani. Alikuwa na swali moja tu. Je, ile dawa iliyofungiwa ingemponya? Kohozi la mumewe bado lilikuwa kwenye jokofu la maabara, na jibu lilikuwa chini ya kile kifuniko.

Alimwendea Daktari Pazi, mkuu wa wodi. Pazi alikuwa Mzaramo na Kalunde Mnyamwezi, kwa hiyo walikuwa watani. Kwenye matanga alikuwa amevaa koti la marehemu, akakaa kwenye kiti chake na kudai aletewe paja la kuku, kwa kuwa Wanyamwezi wanazika mtu na njaa yake. Kalunde alicheka siku hiyo, mara moja tu katika wiki yote.

"Nataka kukifungua kifuniko," alisema.

"Jumatatu tetrasaiklini inarudi kazini. Kitafunguliwa na mkuu wa mji, na matarumbeta juu. Subiri."

"Siwezi."

Pazi alimtazama. "Na ukilipata hilo jibu, mtani, utalifanyia nini?"

"Nitalala."

"Mnyamwezi alale? Nyie si mlitembea kwa miguu mpaka pwani kwetu, mkafika mnaomba maji?" Akavuta kiti. "Haya. Fungua. Mimi nipo hapa, nisionekane nimekuachia peke yako."

Kalunde alilipakia kohozi na kukaa karibu na mashine. Kishimo kikawaka. Kikawa chekundu, chekundu kuliko vyote.

Pazi alishusha pumzi. "Pole, mtani. Lakini umeona. Hata tungempa, isingemsaidia. Hamkunyimwa kitu."

Hilo ndilo jibu alilolitaka. Alingoja limtulize. Halikumtuliza.

"Daktari, huyu bakteria kaijulia wapi dawa hii?"

"Unasemaje?"

"Imefungiwa miaka yote hii. Alipaswa kuwa ameisahau. Huyu anaijua kama aliyekutana nayo jana."

Pazi hakutania tena. Aliiagiza mashine isome urithi wa bakteria. Msomaji akatoa maelezo yake kwa sauti ileile ya upole aliyoitumia kwa wagonjwa. Bakteria alikuwa na pampu kwenye ngozi yake, inayoitema tetrasaiklini kila inapoingia. Pampu ya aina hiyo hupatikana sana kwa bakteria wa kuku.

"Mumeo alifuga kuku?"

"Hapana," Kalunde alisema, na hapohapo akasimama. "Dada yake anafuga. Kila Jumamosi Mihayo alikwenda kumsafishia banda."

Nyamizi, dada wa Mihayo, alikuwa bandani Kalunde alipofika, kanga kiunoni, anawafokea majogoo kwa majina.

"Wifi! Umekonda hivyo, watu watasema sisi ndio tunakunyima chakula. Kaa, nikuchinjie huyu mshenzi hapa, tangu asubuhi anapiga wenzake."

"Sijaja kula, wifi."

Kalunde alikuwa anatazama chini. Maji ya vifaranga yalikuwa ya njano.

"Umetia nini humo?"

"Dawa. Bila hiyo wanaharisha, wiki moja banda tupu. Inaletwa na treni ya mizigo, mtaa mzima tunatumia."

"Inaitwaje?"

Nyamizi alichomoa pakiti kwenye ukuta wa mabanzi, akaipangusa vumbi, akampa. Oksitetrasaiklini. Ukoo uleule.

"Wifi, hii imefungiwa. Iko kwenye Zamu."

"Zamu ni ya watu," Nyamizi alisema, na hakuwa anabisha, alikuwa anaeleza. "Walipotutangazia walisema wagonjwa wasipewe. Kuku wangu wameenda lini hospitali?"

Kalunde alikumbuka kwamba kweli tangazo lilisema wagonjwa. Waliouandika utaratibu ule waliwaza hospitali, vidonge na sindano. Hakuna aliyewaza maji ya vifaranga. Miaka yote ambayo mji uliamini dawa imelala, ilikuwa macho katika mabanda ya Tabora nzima, ikiwafundisha bakteria, na bakteria wakipanda kwenye mikono ya watu waliokwenda kusafisha.

Alieleza. Hakutaka kueleza, lakini maneno yalitoka. Nyamizi alimsikiliza, uso wake ukizidi kukaza.

"Unataka kusema nimemuua kaka yangu?"

"Sijasema hivyo."

"Sema basi ulichosema."

"Nasema Jumatatu dawa inafunguliwa. Mgonjwa akiletwa na homa ya mapafu, atapewa hiyo kwa sababu tunaamini imerudiwa na nguvu. Haitafanya kitu. Tutakuja kujua akiwa tayari mahututi."

"Na ukiwaambia, watakuja kuchoma mabanda. Langu kwanza, kwa kuwa wewe ni wifi yangu na njia unaijua."

"Ndiyo."

"Wewe umebaki na kazi yako, Kalunde. Mimi Mihayo ndiye aliyekuwa ananisaidia. Nimebaki na hawa." Alinyoosha mkono kwa vifaranga. "Ngoja basi nikuze hawa, niwauze. Kisha kaseme."

Kalunde aliishika ile pakiti mpaka ikakunjamana. Vifaranga walikuwa wanakunywa, wanainua midomo juu, wanakunywa tena. Alitamani wifi yake amtukane, ili kuondoka kuwe rahisi. Nyamizi hakumtukana. Aliinama, akaanza kufagia.

"Siwezi kungoja," Kalunde alisema.

"Basi nenda. Pakiti niachie, nimeinunua."

Alikwenda nayo. Njiani alibadilisha mkono mara kwa mara, kama vile ilikuwa nzito, na alipofika hospitali aliiweka mezani kwa Daktari Pazi bila salamu.

Jumatatu matarumbeta hayakupigwa. Kabati la tetrasaiklini limefungwa tena, na miaka ya mapumziko inahesabiwa upya kuanzia mwanzo, safari hii pamoja na kuku, ng'ombe na samaki wa mabwawa. Mabanda ya mtaa ule yamechomwa. Nyamizi amehamia Urambo, na Kalunde anampigia simu ambayo haipokelewi. Wanaougua kama Mihayo wanachomwa jentamaisini. Wengine wanapona, wengine wanapona wakiwa viziwi, wengine hawaponi. Msomaji ameongezewa swali moja. Mgonjwa wa mapafu akifika, kabla ya kutema kohozi, anaulizwa kama nyumbani kwake kuna kuku.