Nusu ya Juu

Radi ilikuwa bado ikinguruma upande wa milimani, Mama Karthyayani alipomwita mkwewe kutoka barazani.

"Mridula, mwanangu, kachomoe hayo madude yako kabla hayajapigwa. Mimi nawasha taa."

Mridula akaenda chumba cha nyuma. Kilikuwa chumba cha kazi cha mumewe, Gireeshan, mpaka homa ilipomchukua msimu wa mvua uliopita. Kazi yenyewe sasa ameirithi yeye: kiini, yaani programu mama, cha mfumo unaoendesha mashine za kupumulia wagonjwa.

Kwa siku nne kompyuta ya majaribio ilikuwa ikiteswa. Programu elfu tatu zinagombania prosesa moja, ule ubongo wa kompyuta. Kila programu inaandika alama yake kwenye rejista pana, vile vifuko vya ndani kabisa vya prosesa, kisha inaipisha nyingine. Kiini ndicho kinachoitunzia vitu vyake. Zamu yake ikirudi, inachungulia: alama yangu ipo?

Siku nne, ipo.

Jioni ile skrini ilikuwa nyekundu.

Programu moja ilikuta vitu visivyo vyake. Mridula akampigia Shaji, mwenzake wa ofisini.

"Dada, rejista zako zimepandwa na pepo," Shaji akacheka. "Namba gani hizo?"

"Zinapanda, zinashuka. Kama mawimbi ya sauti."

"Basi zipitishe kwenye spika, tumsikie huyo pepo!"

Mridula alikata simu kwanza. Ndipo akazipitisha.

Mkwaruzo... Kikohozi... Pumzi nzito, kama ya mtu apandaye ngazi.

"Mridu..."

Mtu mmoja tu alimwita hivyo.

Akakaa sakafuni. Chumba kizima kilinuka samli na kuni mbichi, kama siku walipouchoma moto mwili wa mumewe, kwa desturi yao, kusini mwa kiwanja. Na kompyuta hii ilinunuliwa miezi mitatu baada ya siku hiyo. Haikuwa na rekodi hata moja ya sauti yake. Haikuwa hata na maikrofoni.

"Gireesh?" alinong'ona.

"Mridu... huku giza. Usizime."

Hakuzima. Radi ilipiga, ikapita, naye amekumbatia ile spika kama mtoto mchanga.

Jioni tisa alimjia, saa ile taa ya barazani inapowashwa. Aliuliza kama mfenesi umezaa. Aliuliza kama amekula. Siku moja walicheka pamoja, na Mridula akakumbuka kwamba alikuwa hajacheka tangu msiba.

Kosa alikuwa ameliona siku ya pili. Kazi ilipokatizwa ghafla, kiini kilihifadhi nusu ya chini ya vifuko, kikasahau nusu ya juu; na mwenye zamu inayofuata akakuta mabaki ya mwenzake. Ulikosekana mstari mmoja tu wa maagizo. Gireeshan ndiye aliyeiandika sehemu ile, amelala kitandani hospitalini, dripu mkononi.

Kwamba mabaki yatavuja, hilo lilieleweka. Mabaki ya nani... hapo hapakuwa na jibu.

Shaji akapiga simu. "Dada, Jumatatu mashine zinakwenda kwa wagonjwa. Kosa lipo au halipo?"

"Bado natazama."

"Ukisema safi, ni safi. Sisi tunakuamini wewe."

Alipogeuka, Mama Karthyayani alikuwa amesimama mlangoni.

"Mwanangu, hilo kosa litafanya nini?"

"Mgonjwa mmoja anaweza kupimiwa pumzi ya mwingine."

"Akafa?"

Mridula aliigeukia spika.

"Basi ziba."

"Mama, ni yeye! Ni Gireesh!"

"Ziba, mwanangu. Hata wale wagonjwa wana mama zao."

Akaketi, akaanza kuandika.

"Mridu... unafanya nini?"

Akaandika.

"Mridu, unanifungia. Mridu, mimi—"

Akabonyeza.

Kimya.

Jaribio lilizunguka siku mbili usiku na mchana. Kila programu ilikuta alama yake. Mridula akampelekea Shaji neno moja, "safi", akaenda kulala kifudifudi kwenye kitanda cha watu wawili.

Jumatatu jioni Mama Karthyayani alimletea uji wa wali, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Alinitaja?" aliuliza polepole.

Hakuwa amemtaja hata mara moja.

"Kila siku, Mama."

Kikongwe akatikisa kichwa, machozi yakamshuka bila sauti.

"Unanidanganya, na Mungu akubariki. Alikuwa akinijia na mimi, pale kisimani. Aliniomba nikuzuie usizibe. Nikamkatalia. Mwanangu wa kumzaa, nikamkatalia."

Mridula aliinuka akamshika mikono.

"Ameacha sasa, Mama? Tangu nizibe, ameacha?"

Mama Karthyayani alitazama dirisha, kule kisimani, ambako giza lilikuwa limeanza kushika.

"Jana amekuja. Sauti yake siyo ile tena. Aliuliza nani aliyemfungia."

"Ukamwambiaje?"

"Nimemwambia ni mimi."