Jiwe la Kijani Chini ya Mchanga

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya shule, Delphine na rafiki yake Ngosa walinawa miguu kwenye bomba la kambi ya wafanyakazi, kisha wakakimbilia darasa la tano kuwatazama samaki. Lakini Ijumaa hiyo, mjini Elisabethville, Katanga, Delphine alikwenda peke yake. Alikuta samaki wa tano anaelea, tumbo juu.

Samaki walikuwa saba, wadogo kama kidole cha mtoto. Mwalimu Dominique aliwavua pamoja na wanafunzi katika mto Naviundu, akawatengenezea makao ndani ya chombo kikubwa cha kioo, kilichokuwa zamani cha betri za reli. Walitandaza matope ya mtoni, juu yake mchanga, wakapanda majani ya majini, wakaweka na mzizi wa kujifichia.

"Kila kitu kitoke kwao mtoni," alisema Mwalimu. "Musiongeze kitu kingine, hata kikiwa kizuri namna gani."

Delphine ndiye aliyepewa ulinzi wa chombo, na sifa zikamlevya. Nyumbani, dirishani, kulikuwa na jiwe la kijani la baba yake, mfanyakazi wa tanuru la shaba. Alilichukua bila ruhusa, akalifukia mchangani. Siku ya sikukuu ya shule angelifunua, wageni wabaki vinywa wazi.

Siku ya tatu samaki wakaanza kufa. Watoto wakakumbuka kwamba Ngosa aliwahi kuwatupia samaki chembe za bukari, ugali wa nyumbani.

"Njo Ngosa aliwaua!" walipiga kelele kwamba ni yeye.

Ngosa alikatazwa na Mwalimu kusogelea chombo, na hakuna aliyetaka kukaa naye benchi moja. Delphine alikumbuka jiwe lake, akaogopa kupokonywa chombo, akawa kimya kama maji mtungini.

Jioni hiyo ya Ijumaa alisimulia vifo vya samaki kwa mama yake, Mama Mutale, aliyekuwa akichambua samaki wakavu kutoka Kilwa ya Katanga, kando ya ziwa.

"Hata majani inakufa, mama. Inageuka ya manjano."

Mama alitazama dirishani. "Jiwe ya baba iko wapi?"

Delphine alichukua samaki mmoja mkavu, akaanza kumchambua naye.

"Kule ku mulima ya mukuba, pale tunapitaka kwenda ku shamba, uliona muti hata moja?"

"Hapana, mama. Iko majani kidogo tu na maua."

"Mukuba inashinda muti, mutoto yangu. Sasa kasamaki njo kataiweza?"

Delphine alilia hata akashindwa kula. Kila Mkatanga anaujua mlima ule mtupu wa mukuba, yaani shaba, na yeye aliupita kila wiki!

Jumamosi, samaki wa sita naye alikuwa amekufa. Delphine alisimama mbele ya darasa.

"Mwalimu, njo mimi. Nilificha jiwe ya mukuba mu muchanga. Ngosa hakuua samaki."

Mwalimu hakumgombeza, na hilo lilimuumiza zaidi. Aliliopoa jiwe, akamhamishia samaki aliyebaki kwenye ndoo ya maji ya mtoni. Matope na majani yote yalitupwa, hayakufaa tena. Siku ya sikukuu chombo kingekuwa kitupu.

"Siku ine nilikaa mwenyewe," Ngosa alimwambia Delphine. "Na ulikuwa unaniona."

Delphine aliinua ndoo ya samaki, akaipeleka kivulini.

Mchana, samaki alipoanza kutikisa mapezi, Mwalimu, Delphine na Ngosa walikwenda kumrudisha Naviundu. Delphine alibeba ndoo, maji yakimlowesha sketi. Njiani Mwalimu alisema, "Mimi pia nilikosa, Ngosa. Nilikuhukumu bila kuchunguza. Unisamehe." Kisha akamgeukia Delphine. "Jiwe ulilifukia, hakuna mtu aliyeliona. Lakini maji yalilijua tangu siku ya kwanza. Na kosa linalofichwa ni hivyo hivyo: linaharibu polepole, na anayeumia kwanza ni yule asiye na hatia. Ungesema mapema, pengine tungewaokoa. Leo umesema kweli, umefanya vizuri. Ila maji yakimwagika hayazoleki."

Delphine aliinamisha kichwa. Ndoo ilimvuta bega, na mto ulikuwa bado mbali.

Ngosa alitembea kando yake. Mwishowe akanyoosha mkono, bila kumtazama.

"Leta huku," alisema. "Iko nzito."