Tabasamu la Caiqin

Asubuhi ile nilikuwa nachora pua. Miezi minne mfululizo, kila siku pua: pua za wazee, pua za watoto, pua bapa, pua zilizopinda. Fundi Rao alikuwa na kazi moja tu, kuchora nyuso za marehemu kwa unga wa mkaa. Watu walimletea kapicha ka kitambulisho, kadogo kama kiberiti, naye anakakuza mpaka kanajaa fremu ya kutundikwa juu ya meza ya tambiko la wahenga. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, mwaka wa pili wa kujifunza. Macho nilishayaweza, masikio pia. Kilichonishinda ni hali ya uso: furaha, huzuni, kinyongo.

"Unachora nyama," Fundi aliniambia kila siku. "Mtu mwenyewe yuko wapi?"

Saa nne hivi akaingia Mama Tu.

Mama Tu alikuwa mama mkwe wa dada yangu, Caiqin. Dada alikuwa na siku arobaini na tano kaburini. Walituambia aliteleza kwenye ngazi. Tulipofika tulimkuta tayari yumo ndani ya jeneza, amefungwa skafu ya sufu mpaka kidevuni, na ilikuwa mwezi wa saba, joto la kukausha pilipili barabarani. Mama yangu alitaka kuifungua ile skafu. Wanaume wawili wa kwa Tu wakamshika mikono. Polisi wakaandika ajali, wakanywa chai, wakaondoka. Mpaka leo nikikumbuka ile chai nasikia kutapika.

Dada aliacha binti wa miaka mitano, Xiaoman, mikononi mwa watu walewale. Siku ya arobaini na tisa, matanga yanapokwisha, wazee wa pande zote mbili walikuwa wakae waamue mtoto alelewe wapi. Sisi hatukuwa na ushahidi wowote. Tulikuwa na neno letu tu.

Mama Tu aliweka picha ya dada mezani. "Mchoreni anatabasamu."

"Dada yangu hapo hatabasamu," nikasema.

"Ndiyo maana nimekuja kwa fundi, sikwenda kwa mpiga picha. Watu wana midomo. Nataka wazee wakiingia wamwone alivyokuwa na raha kwangu."

"Raha?"

"Lianxiu, mwanangu, usinikodolee macho. Mtoto ametuzoea. Mnataka mkamlishe nini huko kwenu, pua za mkaa?" Akacheka, akatoka.

Mwanangu! Mwanamke mkavu wa macho kama yule sijamwona tena. Nikamwambia Fundi airudishe ile kazi.

"Sisi tunachora, hatuhukumu," alinijibu. "Usipochora wewe, nitachora mimi."

Nikaichukua picha. Sikutaka mkono wa mtu mwingine umguse dada yangu.

Nilipiga miraba ya kukuzia picha kwa penseli, nikapanga macho, pua, paji la uso. Nililia nikijifuta kwa mkono wa shati, maana chozi likidondoka kwenye mkaa kazi imeharibika. Nikafika mdomoni. Nikainua pembe za midomo kidogo, kama Mama Tu alivyotaka.

Fundi akainama begani kwangu. "Hapo amebanwa na viatu. Kicheko hakikai mdomoni, binti. Kinakaa chini ya macho. Jaza kope za chini. Kidogo. Basi."

Nikazijaza. Dada yangu akacheka. Akanicheka pale mezani, mzima kabisa. Miaka miwili nilikuwa natafuta kuchora mtu, na mtu wa kwanza kunitoka mkononi alikuwa uongo. Nilitamani kuitia moto karatasi ile na duka zima.

Fundi aliifungia kabatini, ufunguo akautia mfukoni mwake. Kesho yake Mama Tu alikuja kukagua. Fundi akafungua kabati mbele yake.

Tabasamu halikuwepo.

"Unanifanyia makusudi!" Mama Tu alipiga meza kwa kiganja. "Mchawi wewe! Kama dada yako!"

"Rudia hilo neno," nikamwambia. "Rudia nikuonyeshe."

Fundi alituachanisha. Alimwahidi Mama Tu kwamba mdomo ataurekebisha yeye mwenyewe, kwa mkono wake wa miaka arobaini. Na kweli, yule mama alipoondoka tu, akakaa kitini, akachukua brashi. Ilikuwa saa sita mchana, mlango wazi, muuza tambi wa ng'ambo ya barabara anagonga sufuria lake. Katika muda mfupi dada akacheka tena. Fundi akaweka brashi chini.

Tukawa tunaitazama.

Pembe ya mdomo ikashuka.

Haikufutika. Ilishuka. Unga wa mkaa ulitembea juu ya karatasi, taratibu, punje kwa punje. Ikafuata pembe ya pili. Kope za chini zikakauka. Taya zikakaza.

"Umeona?" nikanong'ona.

"Nimeona."

"Fundi..."

"Usiseme kitu."

Shingo niliiacha nyeupe. Hatukuwa tumeigusa, si mimi, si yeye. Sasa chini ya kidevu kulikuwa na kivuli. Fundi akakipitishia kidole. Kidole kikatoka kisafi. Kivuli kikabaki.

Nilidhani ataichana. Nikamshika mkono. Lakini yeye alibaki ameitazama shingo ile muda mrefu, na nilimwona mzee yule, ambaye sikuwahi kumsikia akiinua sauti, akibadilika rangi kwa hasira. Akaitia kwenye fremu, akaweka kioo, akaziba kingo zote kwa gundi, akaifunika kitambaa cheupe.

"Alitaka uso wa mkwewe," alisema. "Ataupata."

Siku ya arobaini na tisa mimi, mama na Fundi aliyebeba fremu tulikwenda kwa Tu kabla ya mchana. Wazee walikuwa wamekaa, vijiti vya ubani vinafuka, sahani za nyama zimepangwa mezani. Mama Tu alikuwa na Xiaoman mapajani, amemkumbatia hasa, mtoto hawezi hata kugeuka. Mama yangu alisimama karibu na mlango. Hakuna aliyempa kiti.

Genfa, mume wa dada, aliitundika fremu mwenyewe, akavuta kitambaa.

Dada alikuwa anatabasamu.

Nikamgeukia Fundi, naye kabaki mdomo wazi. Kumbe dada kaamua kutuacha hivihivi? Mama Tu akapaza sauti: "Mnaona, wazee wangu? Huo ndio uso wa mtu aliyeteswa?" Mzee mmoja wa upande wetu, wetu kabisa, akatikisa kichwa kukubali. Nikajua mtoto ametutoka.

Ndipo tabasamu likashuka.

Mbele ya watu wote. Nyuma ya kioo kilichozibwa. Mdomo ukanyooka, ukakaza. Mtu akaangusha kikombe. Macho yakajaa weusi. Halafu shingoni pakaota alama. Moja. Mbili. Ya tatu ikaishia nusu. Ya nne. Upande wa pili, alama pana ya kidole gumba.

Mle ndani hakuna asiyejua nani kakatwa nusu ya kidole na mashine ya matofali. Lakini hakuna aliyelitaja jina. Genfa alijitaja mwenyewe: aliingiza mkono wa kulia mfukoni.

Wazee wote wakautazama ule mfuko.

"Mama amekasirika," Xiaoman akasema, kwa sauti ndogo. "Lakini hanikasirikii mimi."

Mama yangu akatoka pale mlangoni, akapita katikati ya wazee, akaifumbua mikono ya Mama Tu kidole kimoja kimoja, akambeba mtoto. Mama Tu hakupinga. Hakuna aliyetuzuia. Tulitoka, hatukugeuka nyuma.

Msinifurahie sana. Nilikwenda polisi siku ileile, wakaniambia mkaa si ushahidi. Kaburi halikufukuliwa. Genfa bado anauza matofali, na kuna watu wanajengea nyumba zao matofali hayo huku wanajua. Miaka ishirini na sita sasa. Hasira yangu haijapungua hata chembe, na sitaki ipungue.

Siku iliyofuata kikao kile, mchana, Genfa alileta fremu, akaiegemeza kwenye kizingiti chetu, akaenda zake mbio bila kubisha hodi. Mama akaondoa kitambaa. Gundi ilikuwa nzima, kioo hakijaguswa. Miraba yangu ya penseli ilionekana kwa mbali, imenyooka kama nilivyoipiga. Shingo ilikuwa nyeupe tena.

Lakini marehemu huchorwa akitazama mbele, masikio yote mawili yaonekane. Fundi Rao hajawahi kuchora vingine maisha yake yote, na mimi wakati ule sikujua kuchora vingine. Sasa Caiqin alionekana sikio moja tu. Pua ilikuwa imehama kwenye mraba wa shavu. Kule kwa Tu aligeuza kichwa, akautazama mlango tuliotokea na mwanawe, na mpaka leo hajakirudisha.